Watu Arobaini na Mmoja Kwenye Sanduku Moja

Jumatatu, 2 Oktoba

Brian amenishauri niandike kila siku nilichofanya, ili nikiharibu kitu nijue nilikiharibu lini. Nimemwambia sina nia ya kuharibu kitu. Akasema hakuna mwenye nia.

Brian ndiye aliyeutengenezea ushirika wetu programu ya kupanga malori ya korosho. Leo amerudi Dar es Salaam kwa ndege na kuniachia kila kitu mimi, Mathayo, karani mpya wa ghala, mwenye cheti cha kompyuta na mwezi mmoja wa kazi. Muda wangu wa majaribio unaisha tarehe 30 Novemba. Siku hiyo meneja wetu, Bi Sabina, ataandika barua: ama nimethibitishwa, ama nikawasalimie nyumbani Songea.

Kazi yenyewe ni hii. Vyama vya msingi vinatuletea orodha za wakulima: nani ana magunia mangapi, katika kijiji gani. Programu inajumlisha, inaamua lori liende wapi na lini, halafu inamtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu. Korosho zote zinatakiwa ziwe ndani ya ghala kuu hapa mjini kabla ya mvua, maana maghala mengi ya vijijini ni kuta nne na matumaini, na korosho ikishalowa huota ukungu na hakuna anayeitaka.

Programu iko tayari, isipokuwa vipande vidogo vidogo ambavyo Brian amesema nitavimalizia mwenyewe. Nimevihesabu. Ni ishirini na saba.

Jumanne, 3 Oktoba

Lugha aliyoiandikia programu ina tabia moja. Kabla ya kufanya kazi yoyote, inapitia kila mstari na kuuliza kila kitu ni cha aina gani. Hii ni namba au maandishi? Huyu ni mkulima au ni kijiji? Ukiahidi namba halafu ukaleta maandishi, inakuchorea mstari mwekundu chini ya kosa na kukuambia hivyo siyo tulivyokubaliana.

Brian anasema inachosha. Mimi nimeipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaza kitakachoharibika kabla hakijaharibika, na sijawahi kupata mwenzangu.

Mistari myekundu leo: 58.

Alhamisi, 5 Oktoba

Vile vipande ishirini na saba vyote ni mishale. Mshale ni amri fupi. Kushoto unaandika kinachoingia, katikati unachora mshale, kulia unaandika kinachotoka. Nimeandika wa kwanza:

(m: Mkulima): number => m.magunia

Anaingia mkulima, inatoka namba, na namba hiyo ni idadi ya magunia yake. Basi. Hakuna salamu wala maelezo. Nilikaa nikiutazama mpaka Bi Sabina akapita na kuniuliza kama nimelala macho wazi.

Bi Sabina ni mwanamke mrefu anayevaa miwani kwenye kamba. Haongei kwa sauti kubwa. Ndiyo maana ofisi nzima hunyamaza ili imsikie.

Mistari myekundu: 49.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimejifunza jambo la mabano, na nimejifunza mbele za watu.

Mshale ukiwa mfupi, kilicho upande wa kulia kinatoka chenyewe. Lakini ukiwa mrefu unaufungia kwenye mabano, na ukishafungia mabano hakitoki kitu mpaka uamuru kwa neno return. Mimi niliandika mshale wa kuchagua vijiji vilivyo tayari, nikaufungia mabano vizuri, nikapanga mistari vizuri, nikasahau kuamuru. Pia sikuwa nimetamka aina ya kitakachotoka, kwa hiyo mwenzangu, ile lugha, hakuwa na cha kunidai, na hakunichorea chochote. Kwa kila kijiji mshale ulifikiri kwa makini, ukapata jibu, ukakaa nalo.

Ramadhani, dereva wa lori letu kubwa, akaja kuchukua karatasi yake ya safari kwa ajili ya jaribio. Karatasi ilitoka na nembo ya ushirika, tarehe, na nafasi ya saini. Akaigeuza nyuma.

"Dogo," akasema, "nimeendesha miaka ishirini na sita. Sijawahi kutumwa pasipo mahali."

Akaisaini. Akaenda kukaa ndani ya lori, injini imezimwa, mikono kwenye usukani, akawa anamwambia kila aliyepita kwamba yuko safarini.

Kuanzia leo kila mshale nitautamkia kinachotoka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Umeme haukuwepo kutwa. Nimepanga kalamu kwa urefu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mistari sita imegoma kuondoka. Nimemwandikia Brian. Amejibu kwa maneno matatu: Weka any tu.

Any ni aina isiyo aina. Ukiiandika unakuwa umeiambia lugha inyamaze, kitakachokuja na kije. Nikaiandika mahali sita. Mistari yote ikafutika mara moja, kimya kizuri kabisa. Nikaenda kunywa chai kwa Mama Agnes pale nje. Sikuimaliza chai. Nilijiona kama nimemfunga mdomo mlinzi kwa kitambaa kisha nikaenda kulala. Nikarudi nikazifuta zote sita.

Mistari myekundu: 6, kwa hiari yangu.

Jumatano, 18 Oktoba

Kipande cha ishirini na saba. Brian ameacha kifaa kinachochukua orodha nzima na kumweka kila mkulima kwenye sanduku lake ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kinahitaji mshale mmoja wa kukiambia juu ya sanduku paandikwe nini, ili akitafutwa apatikane.

Kulikuwa na njia mbili, namba ya uanachama au namba ya simu. Namba za uanachama ni vurugu: nyingine zina herufi, nyingine zina alama ya mkwaju, nyingine hazipo kabisa, na kila isiyokuwepo inaniletea mstari mwekundu. Namba za simu zote zipo, zote zina tarakimu kumi, zimenyooka kama shuka la hoteli. Mtu mwangalifu huchagua kilicho safi. Nikaandika (string ni maandishi):

(m: Mkulima): string => m.simu

Mistari myekundu: 0.

Nimepiga picha ya skrini na kumtumia baba. Baba ni mwalimu wa hisabati. Amejibu: Vizuri. Sasa kula.

Ijumaa, 20 Oktoba

Malori yameanza. Ramadhani alipokea karatasi yenye jina la kijiji, akaibusu mbele yangu, akaondoka. Jioni alirudi na magunia mia moja na ishirini, na programu ilikuwa imesema mia moja na ishirini. Nilitembea ufukweni Shangani hadi giza linaingia na sikuwaza jambo baya hata moja. Mara moja tu.

Jumanne, 24 Oktoba

Amepiga simu mama mmoja anaitwa Graca, kutoka Nanguvi, kijiji cha mwisho kabla ya mto Ruvuma. Ana duka huko. Anauliza lori lao lini. Nikatazama. Nanguvi: mkulima mmoja, Domingo Arsenio, magunia mawili. Kanuni ni kwamba kijiji chenye magunia chini ya kumi kinasubiri mwisho wa msimu. Nikamweleza kwa heshima. Akasema sawa mwanangu, pengine bado mnaandika.

Hatuandiki. Tumemaliza.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mama Graca tena. Lori lini. Nikasoma tena: Domingo Arsenio, magunia mawili. Akauliza na wengine? Nikamwambia wengine hawapo kwenye mfumo. Akacheka, siyo vibaya, kama mtu anayesikia habari za mji.

Jumatatu, 30 Oktoba

Joto. Ofisi nzima inanuka mabibo, matunda ya mkorosho, kutoka kwenye viatu vya madereva.

Jumatano, 1 Novemba

Mama Graca. Nimeanza kuitambua namba yake. Leo alieleza kwamba kila wiki ujumbe unafika: Ndugu Domingo Arsenio, magunia yako 2 yamesajiliwa, subiri lori. Ni Domingo tu. Hakuna mwingine anayetajwa. Kijiji kimeanza kumtazama Domingo vingine. Huyu Domingo, anasema, amejiunga na chama mwaka huu huu, mikorosho yake mitatu mizima na mmoja unaumwa, na sasa anapewa kiti.

Nikamwambia pengine wengine hawakujisajili.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimewapeleka kujisajili. Kwa miguu."

Nimekagua mishale yote ishirini na saba. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Nadhani mama huyu ni mmoja wa wale wanaozidisha mambo.

Jumatatu, 6 Novemba

Bi Sabina amesimama nyuma ya kiti changu, ametazama skrini, akasema, "Naona hakuna anayelalamika."

Kwake hiyo ni sifa. Sikumwambia habari za Nanguvi. Magunia mawili siyo malalamiko.

Jumatano, 8 Novemba

Mawingu upande wa Msumbiji. Ramadhani anasema ni ya kupita. Alasiri yalipita.

Jumatatu, 13 Novemba

Mama Graca amepiga mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza lori. Mara ya pili kunieleza kwamba Domingo sasa anaamkiwa shikamoo na watu wanaomzidi umri, na kwamba jana alitumwa na kijiji kuja mjini kuongea na serikali, akaishia njiani penye uraka, pombe ya mabibo, na kurudi akisema serikali imesikia.

Nilicheka. Kisha akasema bati la ghala lao liling'oka mwezi wa nane na magunia yako nje chini ya maturubai. Nikauliza magunia mangapi. Akasema hajui kuhesabu vya watu, ila ukuta wa duka lake hauonekani.

Ukuta mzima hauzibwi na magunia mawili. Niliwaza hivyo, kisha nikatazama ile sifuri pale chini ya skrini, nikatulia. Naandika hili kwa aibu kidogo.

Alhamisi, 16 Novemba

Mawingu tena. Leo hayakupita haraka.

Jumatatu, 20 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, nisije nikaruka kitu.

Saa nne asubuhi mlango ulifunguliwa, akaingia mama mnene kiasi, mfupi, vumbi mpaka kwenye nyusi, amejifunga kapulana ya njano, kitenge cha Msumbiji, na nyingine ameibeba kama furushi. Sikuhitaji kuuliza. Nikasimama nikamwamkia. Akaitikia, akaketi bila kuambiwa, akatoa simu ndogo ya batani na kuiweka juu ya meza yangu.

"Unaiona hii, Karani? Hii ni simu ya Nanguvi."

Nikasema ndiyo, Mama, nina namba yako.

"Siyo yangu. Mimi nimeinunua tu."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Nanguvi iko mtoni. Simu zikiwashwa pale zinakamata mtandao wa ng'ambo, wa Msumbiji, na ujumbe wa huku haufiki. Mtandao wetu unapatikana mahali pamoja tu, barazani kwake, upande wa kushoto. Basi tangu miaka hiyo, karatasi yoyote ikiuliza namba ya simu, hospitali, shule, ushirika, watu wa Nanguvi wanaandika namba ya Graca. Jioni baada ya kazi watu wanakuja barazani, yeye anasoma jumbe kwa sauti, na kila mwenye jina lake anaitikia.

"Kaya arobaini na moja," akasema. "Wote wanaitikia hapo."



Nikafungua orodha iliyoletwa na chama cha Nanguvi mwezi wa tisa. Ilikuwa na majina arobaini na moja. Ilikuwepo siku zote. Sikuwahi kurudi kuitazama, kwa sababu nilikuwa natazama nilichokitengeneza mimi. Na safu ya simu, kuanzia juu hadi chini, ilikuwa namba moja, moja, moja.

Kifaa cha Brian kilifanya nilichokiambia. Akaingia mkulima wa kwanza, sanduku likaandikwa simu ya Graca. Akaingia wa pili, sanduku lenye namba hiyo lipo, basi akawekwa humo, na wa kwanza akatolewa. Wa tatu akamtoa wa pili. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho kwenye orodha, aliyejiunga mwaka huu, mwenye mikorosho mitatu na mgonjwa mmoja. Namba ya simu ni maandishi. Niliahidi maandishi, nikaleta maandishi. Mwenzangu hakuwa na sababu ya kunichorea mstari. Hajawahi kufika Nanguvi, na mimi pia.

Nikajumlisha magunia kwa kidole. Mia mbili thelathini na sita. Nje, mawingu yalikuwa yameshafika juu ya bandari.

Mama Graca akaniuliza kama ninaumwa.

Nikaufuta mshale, nikaandika mwingine:

(m: Mkulima): string => m.namba

Mara mistari myekundu ikatokea kama upele, maana wako wakulima wasio na namba ya uanachama. Walikuwa kumi na tisa, kumi na saba kati yao wa Nanguvi. Nikamkumbuka Brian na maneno yake matatu. Kidole kilishafika kwenye herufi A. Lakini Mama Graca akafungua lile furushi la kapulana, na ndani yake zilikuwemo kadi za uanachama za kijiji kizima, arobaini na moja, zimefungwa kwa mpira. Alikuja nazo ili aniwekee mezani moja moja mpaka nikubali kwamba wale ni watu. Akanisomea, nikaandika. Kila jina alilisindikiza na habari yake: huyu anaumwa kiuno, huyu mkewe mkali, huyu usikosee maana atafika hapa mwenyewe. Wawili wa vijiji vingine niliwapigia simu. Saa saba na nusu mistari ikaisha.

Nilichokipanga moyoni ni hiki, na nakiandika kwa sababu nimeahidi kuandika kila nilichofanya. Nilipanga nisiseme. Programu imerekebishwa, Nanguvi inaonekana, karatasi mpya itatoka, lori litaenda, na Novemba itaisha. Nikamwomba Mama Graca asubiri kwenye benchi nje, nikaipeleka karatasi mpya kwa Bi Sabina pamoja na nyingine, katikati, ili isionekane.

Akaiona.

"Nanguvi," akasema. "Ijumaa ilikuwa na magunia mawili."

Nikasema ndiyo.

"Leo ina mia mbili thelathini na sita. Kwa Jumamosi na Jumapili."

 Akavua miwani, ikaning'inia. Akasema kijiji kilicho mtoni hakiwezi kuota korosho zote hizo kwa siku mbili. Zimevushwa kutoka ng'ambo, akasema, na kila msimu kuna wajanja wa namna hiyo, na majina yenyewe hayo, Domingo, Graca, Eduardo, yanaonyesha wana ndugu huko. Ataita ukaguzi. Mzigo unaokaguliwa hausogezwi siku kumi na nne. Akanyanyua simu ya mezani na kuanza kubonyeza.

Dirisha lilikuwa wazi. Benchi liko chini ya dirisha. Nilisikia benchi likilia, kama Mama Graca amejivuta mbele.

Siku kumi na nne. Ngurumo ya kwanza ilikuwa imeshasikika saa sita.

Nikasogea mpaka kwenye meza yake, nikasema: 

"Meneja, mto hauhusiki. Ni mimi."

Kidole chake kikasimama hewani. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianzia kwenye mabano, nikarudi kwenye mshale, nikachora masanduku nyuma ya karatasi ya safari. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Yaani," akasema, "watu arobaini na mmoja umewatia kwenye sanduku moja."

"Ndiyo, Meneja."

"Na kila ulipomtia mmoja, ukamtoa mwenzake."

"Ndiyo, Meneja."

"Umejua lini?"

"Saa nne asubuhi."

Akatazama saa ya ukutani. "Sasa ni saa nane. Masaa manne ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa narekebisha, Meneja. Na kuogopa."

"Kwa kupokezana?"

"Kwa pamoja."

Akarudisha simu mahali pake. Akaenda dirishani, akachungulia chini, na nikamsikia akisema, kwa sauti ile ile ndogo, "Mama, nimekutaja vibaya. Unisamehe." Mama Graca akajibu kwamba si kitu, jina lake limeshasemwa na wengi, ila magunia hayana masikio na mvua inakuja.

Bi Sabina akamwita Ramadhani. Lori lililopangiwa kwenda Madimba kesho litapita mbele kwenda Nanguvi, mara mbili, na Karani atapanda nalo ahesabu kila gunia kwa jina la mwenyewe. Kuhusu kazi yangu hakusema lolote. Nilisimama nikisubiri aseme. Akauliza nasubiri nini.

Jumanne, 21 Novemba

Safari ya kwanza. Tulitoka alfajiri, Mama Graca katikati, mimi mlangoni. Alimweleza Ramadhani habari yote tangu mwanzo, pamoja na masanduku. Ramadhani alicheka mpaka akapunguza mwendo pale Madimba.

"Kwa hiyo dogo kwanza alinituma pasipo mahali," akasema, "halafu akapata mahali akapafuta watu."

Nanguvi nzima ilikuwa barazani. Ukuta wa duka kweli hauonekani. Nilisimama na orodha nikaita majina, na kila mtu akaitikia akishika gunia lake. Domingo ni mwembamba, mpole, amevaa koti la suti juani. Alinipa mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini kama serikali imemtumia salamu.

Magunia 120. Hakuna mvua.

Jumatano, 22 Novemba

Safari ya pili. Mia moja na kumi na sita. Tulikuwa tunapakia la tisini upepo ulipogeuka na kunuka udongo.  Watu waliacha kutembea wakaanza kukimbia, wazee na wanawake wenye watoto mgongoni, kila gunia mikono minne. Mimi niliendelea kuita majina kwa sababu niliambiwa nihesabu, na nikaona kwamba sikuwa naogopa, sikuwa na nafasi. Turubai la lori lilikuwa halifiki nyuma kabisa. Tukafungia kona kwa lile lililokuwa chini ya magunia, lenye matundu.

Mvua ilitukuta nusu ya njia. Siyo manyunyu. Ramadhani hakufanya mzaha hata mmoja mpaka tulipoingia chini ya paa la ghala, na hapo akainamisha paji la uso kwenye usukani.

Magunia manne ya kona yamelowa. Mia mbili thelathini na mawili ni makavu.

Ijumaa, 24 Novemba

Mvua. Nimezimwaga korosho za yale manne juu ya sakafu ya ghala, kila gunia fungu lake na kibao chenye jina, nazigeuza kila saa. Feni ya ofisi nimeihamishia huku. Bi Sabina amepita, ameona ofisi haina feni, hakuuliza.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Matatu yamekauka na mpimaji ameyapokea. La nne lina ukungu pembeni. Nimechambua moja moja kutwa. Tumepoteza kama debe moja.

Alhamisi, 30 Novemba

Aliniita saa tisa. Barua ilikuwa imekunjwa. Akasema nikae, nikakaa ukingoni.

Akasema mimi ni mwoga kuliko karani yeyote ambaye yeye amewahi kumwajiri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini siku ile uliogopa ukiwa umesimama mbele yangu. Wengi huenda kuogopea nyumbani." Akanisukumia barua.

Nimethibitishwa. Aya ya pili inasema kwamba kila mwaka, kabla ya orodha kuingizwa kwenye mfumo, karani wa ghala atafika katika kila kijiji na kukaa jioni moja kusikiliza jinsi ujumbe unavyopokelewa. Aya ya tatu inasema debe moja la korosho za Eduardo Ntandu wa Nanguvi nitalifidia kwa kwenda kumwomba radhi mwenyewe, kwa mdomo.

Nimeisoma mara nne nikitafuta kosa. Baba amejibu: Vizuri. Umekula?

Jumatatu, 4 Desemba

Leo programu imetuma jumbe za mwisho wa msimu: Ndugu fulani, magunia yako kadhaa yamepokelewa ghala kuu, asante. Kwa mara ya kwanza kila mtu wa Nanguvi amepata wake, kwa jina lake, kwa hesabu yake. Arobaini na moja. Nilikaa nikizitazama zikiondoka moja moja kwenye skrini, na nilijisikia kama mtu aliyelipanga jambo vizuri.

Saa kumi na moja jioni Mama Graca akapiga. Nilipokea kwa furaha.

"Karani, zimefika."

Nikasema Mungu mkubwa, Mama. Zote?

"Zote. Simu imelia tangu saa nane, chaji imeisha mara mbili. Nafungua, nasoma, nafunga. Nafungua, nasoma, nafunga. Sauti imekauka na bado nina watu kumi na tatu hapa barazani hawajaitikia, na mvua inawapiga mgongo." Akakohoa. "Mwakani, mwanangu, nakuomba. Nitumie mmoja tu, wenye majina yote."

Nikamwambia nitaona inavyowezekana. Nimefungua kompyuta. Wanaingia wakulima arobaini na mmoja, unatoka ujumbe mmoja. Nimeandika upande wa kushoto, nimechora mshale, na upande wa kulia nafikiria.